Saa na Kipimo Chake: Maisha ya John Harrison (1693–1776)

Utangulizi

Waswahili husema kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hii inamstahiki John Harrison, fundi wa saa wa Uingereza aliyeishi katika karne ya 18, kwa sababu vitendo vyake vilikuwa vya ajabu ilhali maneno yake yalikuwa mazito mithili ya jiwe. Hata hivyo, kitendo hakijipimi chenyewe. Sharti awepo wa kukipima, kiwepo kigezo cha kupimia, na pawepo mahali pa kupimia. Maisha ya Harrison ni hadithi ya mtu aliyeunda saa iliyoweza kuokoa roho za mabaharia, kisha akautumia uzee wake wote akibishana na waliokabidhiwa kazi ya kuipima.

Kabla ya kuingia katika maisha yake, ni vyema tubainishe istilahi tatu ambazo katika mazungumzo ya kila siku aghalabu huchanganywa. Mwendo wa saa ni kiasi ambacho saa hutangulia au huchelewa kwa siku moja. Usahihi ni ukaribu wa saa na wakati wa kweli. Uthabiti nao ni kule kutobadilika kwa mwendo. Chukulia, msomaji, kwamba una saa mbili. Ya kwanza huchelewa kwa sekunde 10 kila siku, wala haibadiliki. Ya pili leo hutangulia kwa sekunde 10, kesho huchelewa kwa sekunde 12, na mtondo hutangulia tena kwa sekunde 3. Ukitafuta wastani, ya pili itaonekana bora maradufu. Lakini nahodha aliye katikati ya bahari ataichagua ya kwanza bila kusita, kwani kosa analolijua hulitoa kwa hesabu nyepesi, ilhali kosa asilolijua humpeleka mwambani. Tofauti hii ndogo ndiyo iliyobeba hatima ya Harrison.

Kuzaliwa na Malezi

John Harrison alizaliwa tarehe 24 Machi mwaka wa 1693 katika kijiji cha Foulby, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba wa seremala. Karibu na mwaka wa 1700 aila yake ilihamia Barrow upon Humber katika jimbo la Lincolnshire, na huko ndiko alikokulia na kujifunzia useremala kwa babake. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka sita aliugua ndui, akawekewa saa kando ya mto wake ili imliwaze, naye akawa anaisikiliza kwa muda mrefu. Iwapo kisa hiki ni cha kweli au ni pambo la wasimulizi, lililo wazi ni kwamba hakupata kuwa mwanagenzi wa fundi saa yeyote. Ufundi huo aliufikia kwa mlango wa useremala.

Saa yake ya kwanza aliimaliza mwaka wa 1713, kabla hajatimiza umri wa miaka 21. Karibu magurudumu yake yote yalikuwa ya mbao. Karibu na mwaka wa 1722 aliunda saa ya mnara katika kasri la Brocklesby Park, na hapo akaonyesha kipawa chake halisi. Mafuta ya saa ya enzi hizo yalikuwa mabaya. Yaliganda wakati wa baridi, yakawa mepesi wakati wa joto, na yakazidi kuwa mazito kadiri yalivyozeeka. Hivyo basi, saa iliyokwenda vyema siku ilipotoka kwa fundi ilianza kukengeuka baada ya miezi michache. Harrison aliliondoa tatizo hili kwa kuyaondoa mafuta yenyewe. Sehemu zinazosuguana alizitengeneza kwa mbao ngumu za kitropiki ambazo hutoa ulainisho wake zenyewe. Saa hiyo ingali inakwenda hadi leo.

Akishirikiana na nduguye James, alikabiliana pia na adui wa pili wa saa, yaani joto. Pendulamu, kile kining'inio kinachobembea ndani ya saa ndefu ya sakafuni, hurefuka joto linapozidi, na ikirefuka saa huchelewa. Harrison aliunda pendulamu ya fito za feleji na za shaba ya manjano zilizopangwa kwa zamu. Kwa kuwa shaba hiyo hutanuka zaidi ya feleji, mtanuko wa moja uliubatilisha wa nyingine, na urefu wa pendulamu ukabaki vilevile kiangazi na kipupwe.

Je, fundi wa kijijini aliwezaje kuijua saa yake kuwa sahihi ilhali hapakuwa na saa bora zaidi ya kuilinganisha nayo? Aliitazama mbingu. Alisimama mahali pamoja usiku na kuvizia nyota fulani ikitoweka nyuma ya bomba la moshi la nyumba ya jirani. Nyota hiyohiyo hutoweka mapema kwa dakika 3 na sekunde 56 kila usiku upitao. Kwa kipimo hicho alibaini kwamba saa zake za sakafuni hazikukosea zaidi ya sekunde moja kwa mwezi. Ikumbukwe kwamba saa nyingi nzuri za wakati huo zilikosea kwa kiasi hicho au zaidi kwa siku moja.

Tatizo la Longitudo

Wakati huo bahari ilikuwa ikiwameza watu. Usiku wa tarehe 22 Oktoba mwaka wa 1707, manowari nne za Uingereza chini ya Sir Cloudesley Shovell ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly, na mabaharia wanaokadiriwa kuwa kati ya 1,400 na 2,000 wakaangamia. Kilio cha kutafuta njia ya kujua mahali merikebu ilipo kikazidi. Mnamo mwaka wa 1714 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutoa zawadi ya pauni 10,000 kwa njia ya kupata longitudo kwa kosa lisilozidi digrii moja, pauni 15,000 kwa theluthi mbili za digrii, na pauni 20,000 kwa nusu digrii. Hizo zilikuwa fedha za kumtajirisha mtu na vitukuu vyake. Jopo la kuamua likaja kujulikana kama Bodi ya Longitudo.

Uhusiano wa longitudo na saa waweza kuonekana hapa kwetu nyumbani. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kwa kila dakika nne. Mombasa iko karibu digrii tano mashariki mwa Kisumu, kwa hivyo jua hufika utosini Mombasa takriban dakika 20 kabla ya kufika utosini Kisumu, ingawa saa za mikononi za wakazi wa miji hiyo miwili husoma sawa kwa mujibu wa sheria. Baharia aliye na saa inayoonyesha wakati wa bandari aliyotoka huweza kuulinganisha na adhuhuri ya mahali alipo, na tofauti hiyo ikamwambia amesafiri digrii ngapi mashariki au magharibi.

Nadharia ni rahisi. Taabu ni saa yenyewe. Nusu digrii ni sawa na dakika mbili za wakati. Safari ya kwenda visiwa vya Karibi ilichukua takriban wiki sita, yaani siku 42. Ukizigawa dakika mbili kwa siku 42, utaona kwamba kosa lisilojulikana halikupaswa kuzidi karibu sekunde tatu kwa siku, na hayo yafanyike katika chombo kinachoyumba, kutoka baridi ya Ulaya hadi joto la tropiki. Pendulamu haiwezi kubembea sawasawa juu ya mawimbi. Mwanasayansi mashuhuri Isaac Newton alilieleza Bunge mashaka yake kuhusu saa za baharini. Wanafalaki wengi waliweka matumaini yao katika mbingu, hasa katika kupima umbali ulio baina ya mwezi na nyota.

Saa Tatu Kubwa

Mnamo mwaka wa 1730 Harrison alifunga safari hadi London akiwa na michoro yake. Alipokewa na mwanafalaki Edmond Halley, ambaye alimwelekeza kwa George Graham, fundi saa aliyeheshimiwa kuliko wote. Graham alimkopesha fedha bila riba. Miaka mitano baadaye, katika mwaka wa 1735, Harrison alikamilisha saa ambayo leo huitwa H1. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 34. Mahali pa pendulamu palikuwa na mizani mbili zilizounganishwa na zenye kubembea kwa kupishana, ili merikebu ikiyumba, kosa la mzani mmoja lifutwe na la mwenzake.

Mwaka wa 1736 saa hiyo ilipelekwa Lisbon kwa manowari iitwayo Centurion na kurudi kwa nyingine iitwayo Orford. Walipokaribia Uingereza, maafisa walidhani wameiona rasi ya Start. Harrison akashikilia kwamba ile ilikuwa Lizard, na ndivyo ilivyokuwa. Merikebu ilikuwa imepotea kwa kiasi cha maili 60 bila waongozi wake kujua.

Bodi ilipokutana naye mwaka wa 1737, mtu mwingine angalidai papo hapo jaribio la kwenda Karibi. Harrison alifanya kinyume. Alizitaja kasoro za saa yake mwenyewe na kuomba fedha za kuunda nyingine iliyo bora. Ya pili, H2, ilikamilika mwaka wa 1739, lakini haikupata kupelekwa baharini. Vita baina ya Uingereza na Uhispania vilizuka, naye mwenyewe akagundua dosari katika mizani yake na kuiweka kando. Ya tatu, H3, ilimchukua miaka 19. Katika kuiunda alibuni ukanda wa metali mbili uliounganishwa, ambao hujipinda joto linapobadilika, na ambao umetumika katika vidhibiti joto hadi zama zetu. Aidha, alibuni beringi yenye rola zilizozuiwa ndani ya fremu, kizazi cha kwanza cha beringi zinazozungusha mashine za leo. Mnamo mwaka wa 1749 Shirika la Kifalme la wanasayansi lilimtunukia Nishani ya Copley. Pamoja na hayo yote, H3 haikumridhisha. Hapana aliyeipima kazi ya Harrison kwa ukali kuliko Harrison.

Saa ya Nne na Suala la Mwendo

Ufumbuzi ulitoka mahali asipopatarajia. Mwaka wa 1753 fundi John Jefferys alimtengenezea saa ya mfukoni kwa kufuata maelekezo yake. Saa za mfukoni zilidharauliwa kuwa pambo tu, lakini hii ilikwenda vyema kupita kiasi. Harrison akatambua kwamba alikuwa amekosea njia kwa takriban miaka 20. Gurudumu dogo la mizani linalobembea kwa kasi na kwa upana halisumbuliwi sana na myumbo wa merikebu, kwa kuwa myumbo ni wa polepole na gurudumu ni la haraka. Kutokana na wazo hilo alizaa H4, aliyoikamilisha mwaka wa 1759. Upana wake ulikuwa takriban sentimita 13 na uzito wake karibu kilo moja na nusu. Ilipiga mara tano kwa sekunde, na sehemu zake zenye kusuguana zaidi zilikuwa za almasi na yakuti.

Mnamo Novemba mwaka wa 1761 mwanawe William aliondoka Uingereza na saa hiyo katika manowari Deptford kuelekea Jamaika, kwa kuwa babake alikuwa akikaribia umri wa miaka 70. Njiani palizuka tofauti ya karibu digrii moja na nusu baina ya hesabu ya maafisa na ile ya saa. Nahodha alikubali kufuata saa, na siku iliyofuata nchi kavu ikaonekana kama ilivyotabiriwa. Walipofika Jamaika mwezi wa Januari mwaka wa 1762, ilibainika kwamba saa ilikuwa imekosea kwa sekunde 5 tu baada ya siku 81.

Hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Sekunde hizo 5 zilipatikana baada ya kutoa kwanza mwendo wa saa, yaani kuchelewa kwake kwa sekunde mbili na theluthi mbili kila siku. Kwa Harrison jambo hilo lilikuwa bayana: saa haihitaji kukosa mwendo, inahitaji mwendo usiobadilika. Bodi nayo ilisema kwamba mwendo huo haukutangazwa rasmi kabla ya safari, na kwamba mtu akiruhusiwa kutaja mwendo baada ya kuyajua matokeo, saa yoyote itaonekana sahihi. Isitoshe, longitudo ya Jamaika yenyewe haikujulikana kwa uhakika wa kutosha, na yamkini makosa makubwa ya njiani yalifutana kwa bahati. Tusiharakishe kuilaumu Bodi. Hoja hizo zina mashiko, na mtafiti yeyote mwangalifu angaliziuliza. Jaribio lingine likaamriwa.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1764 William aliabiri tena, safari hii katika manowari Tartar kuelekea Barbados, akiwa ametangaza mwendo wa saa mapema. Matokeo yalikuwa kosa la takriban sekunde 39 kwa siku 47. Kosa hilo ni chini ya maili 10 za baharini, yaani bora mara tatu kuliko sheria ilivyodai. Sasa pangalipaswa kuwa na kufunga na kufungua.

Greenwich: Saa Chumbani

Badala yake sheria mpya ilitungwa mwaka wa 1765. Harrison angepata nusu ya zawadi iwapo angefichua siri zote za saa yake, na nusu ya pili iwapo ingethibitishwa kwamba mafundi wengine wangeweza kuunda saa kama hiyo. Bodi ilitoa hoja kwamba saa moja iliyoundwa na mzee mmoja si njia ya kuwafaa mabaharia wote. Katika mwezi wa Agosti Harrison aliifungua H4 mbele ya wataalamu sita, akaeleza kila kipande, na akalipwa nusu ya kwanza.

Mwaka huohuo Nevil Maskelyne aliteuliwa kuwa Mwanafalaki wa Mfalme, cheo kilichompa kiti katika Bodi. Maskelyne alikuwa mtetezi mkuu wa njia ya mwezi, na alikuwa amekwenda Barbados kuijaribu njia hiyo wakati H4 ilipokuwa ikijaribiwa. Mnamo mwezi wa Mei mwaka wa 1766 yeye ndiye aliyekabidhiwa H4 aipime katika kituo cha falaki cha Greenwich. Saa tatu kubwa nazo zilichukuliwa kutoka nyumbani kwa Harrison, na H1 ikaangushwa wakati wa kuhamishwa.

Kwa muda wa miezi kumi H4 ilipimwa chumbani. Iliwekwa chali, ikawekwa kifudifudi, ikasimamishwa wima kwa pande mbalimbali, ilhali baharini ilikuwa imelazwa juu ya mto muda wote. Ilitangulia kwa sekunde nyingi kila siku. Maskelyne aliigawa miezi hiyo kumi kama kwamba ni safari kadhaa za wiki sita, akahesabu kosa la kila moja, na kuhitimisha kwamba saa haiwezi kutegemewa kuhifadhi longitudo kwa kosa lisilozidi digrii moja katika safari ya Karibi. Saa iliyokuwa imefaulu mara mbili juu ya mawimbi ilifelishwa ikiwa imetulia mezani.

Harrison, akiwa na umri wa miaka 74, alijibu kwa kijitabu kikali. Alisema kwamba saa ilikuwa imevunjwavunjwa kwa ajili ya ule ufichuzi na haikuwa imerekebishwa tena ipasavyo. Kutangulia kwake kulikuwa mwendo wa kutolewa katika hesabu, na si dosari. Alidai pia kwamba saa iliachwa dirishani ikipigwa na jua huku kipimajoto kikiwa kivulini, na kwamba mashahidi waliowekwa kusimamia jaribio walikuwa wanamaji wastaafu waliochoka mno kwa kupanda kilima hata wasiweze kusimamia lolote.

Nani alikuwa na haki? Jibu la uadilifu ni kwamba kila mmoja alipima kitu kingine. Maskelyne alipima saa katika mikao ambayo haikuundwa kwayo, kisha akahukumu kwa mwendo. Harrison alitaka ihukumiwe kwa uthabiti, na katika mazingira ya kazi yake. Wala Maskelyne hakuwa jahili au mhalifu. Majedwali ya mwezi aliyoyaanzisha kwa mwaka wa 1767 yaliwafaa mabaharia kwa miongo mingi, kwa kuwa kitabu kiliweza kununuliwa na wengi ilhali saa ya aina ile ilikuwa ya wachache mno. Kosa lililokuwapo ni la mfumo: mshindani alikabidhiwa mizani.

Mfalme, Bunge na Mauti

Harrison hakukata tamaa. Akisaidiwa na William aliunda saa ya tano, H5, iliyokamilika mwaka wa 1770. Kilio chao kilimfikia Mfalme George wa Tatu, na mnamo mwaka wa 1772 saa hiyo ikajaribiwa katika kituo chake cha falaki kule Richmond. Inasimuliwa kwamba mwanzoni ilikwenda ovyo, hadi ilipogunduliwa kwamba sumaku zilikuwa zimehifadhiwa karibu nayo. Zilipoondolewa ilitulia, na baada ya wiki kumi ilionekana kuwa kosa lake lilikuwa takriban theluthi moja ya sekunde kwa siku.

Mwezi wa Juni mwaka wa 1773, kwa kuungwa mkono na Mfalme, Bunge lilimtunuku pauni 8,750. Hiyo ilikuwa hisani ya Bunge. Bodi ya Longitudo haikumpa yeye wala mtu mwingine ile zawadi kuu kwa jina lake. Alikuwa na umri wa miaka 80. Aliaga dunia nyumbani kwake Red Lion Square, London, tarehe 24 Machi mwaka wa 1776, siku ileile aliyotimiza miaka 83, akazikwa Hampstead.

Kalamu Nzito

Kuna upande mmoja wa maisha haya unaotuhusu sisi wanafunzi wa lugha moja kwa moja. Harrison hakuwa na lugha. Mikono yake iliweza kueleza katika shaba mambo ambayo kalamu yake ilishindwa kuyaeleza katika karatasi. Sentensi zake zilirefuka, zikajipinda, zikajaa mabano ndani ya mabano, hata msomaji akapotea kabla ya kufika kwenye kituo. Wanachama wa Bodi, waliokuwa wasomi na maafisa, walikutana na mtu aliyejua jambo wasilolijua lakini asiyeweza kuwafahamisha. Ingawa haiwezi kusemwa kwamba ugumu huo pekee ndio uliomnyima haki yake, haukosi kuwa na sehemu katika miaka ile ya kutoelewana.

Katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1775 alidai kwamba saa ya pendulamu iliyoundwa kwa kanuni zake ingeweza kwenda kwa siku 100 bila kukosea zaidi ya sekunde moja. Dai hilo lilikejeliwa, kitabu kikaonekana kuwa ni maweweseko ya mzee, na suala likazikwa pamoja naye.

Athari

Saa zake, kwa upande mwingine, zilijieleza zenyewe. Larcum Kendall, mmoja wa wale wataalamu sita, aliiga H4 na kuikamilisha nakala yake, K1, mwaka wa 1769 kwa malipo ya pauni 450. Nahodha James Cook aliichukua K1 katika safari yake ya pili ya mwaka wa 1772 hadi 1775, kutoka tropiki hadi barafu ya kusini. Kwa miaka mitatu mwendo wake haukuzidi sekunde 8 kwa siku, na Cook akarudi akiisifu. Mafundi kama John Arnold na Thomas Earnshaw baadaye walirahisisha ujenzi hadi saa za baharini zikawa chombo cha kawaida cha merikebu.

Pwani yetu nayo iliguswa. Nahodha William Fitzwilliam Owen, aliyeipima pwani ya Afrika kati ya mwaka wa 1821 na 1826, aliziweka bandari katika ramani kwa kutumia saa za aina hiyo. Ni Owen huyuhuyu aliyeipandishia Mombasa bendera ya himaya ya Uingereza mwaka wa 1824, Wamazrui walipotafuta kinga dhidi ya Oman. Saa iliyookoa mabaharia ilikuwa pia chombo cha dola, na historia yatutaka tuyakumbuke yote mawili.

Suala la Greenwich nalo halijafa. Saa za mikono za kamani zinazotafuta cheti cha Uswisi cha kronomita hupimwa kwa siku 15, katika mikao mitano na halijoto tatu, nyuzi 8, 23 na 38 za Selisiasi, na mwendo wao wa wastani hutakiwa uwe kati ya kuchelewa sekunde 4 na kutangulia sekunde 6 kwa siku. Kipimo hiki kimejifunza mengi kutokana na mgogoro wa kale, kwani huhesabu pia mabadiliko ya mwendo kutoka siku hadi siku na kutoka mkao hadi mkao. Lakini mtambo hupimwa maabarani, na mkono wa mwenye saa si maabara. Mmoja huivua usiku na kuilaza chali, mwingine hulala nayo. Mmoja huiweka karibu na spika yenye sumaku, mwingine huisahau hadi kamani ikakaribia kulegea. Mafuta nayo huzeeka. Kwa hivyo saa mbili zenye cheti kimoja zaweza kutofautiana mikononi, na hakuna aliyedanganywa. Cheti huthibitisha jinsi saa ilivyokwenda pale ilipopimwa. Jinsi inavyokwenda kwako utaijua kwa kuilinganisha kila siku na wakati wa kweli, kama Harrison na nyota yake nyuma ya bomba la moshi.

Hitimisho

Dai la siku 100 lilisubiri karibu miaka 240. Fundi Martin Burgess aliianza saa ya pendulamu kwa kufuata kanuni zilizofumbwa katika maandishi magumu ya Harrison, na ilipokamilishwa ikapelekwa Greenwich, palepale ambapo H4 ilifelishwa. Ilifungiwa ndani ya kisanduku na kutiwa lakiri mbele ya mashahidi, ili pasiwe na mtu wa kuigusa wala wa kuibishia. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2015: baada ya siku 100 saa ilikuwa imekosea kwa sekunde isiyotimia, yaani thumuni tano za sekunde.

Tangu mwaka wa 2006 kuna jiwe la kumbukumbu yake katika kanisa la Westminster Abbey, nazo H1 hadi H4 zimehifadhiwa Greenwich. Hata hivyo, kumbukumbu iliyo bora ni somo lenyewe. Apimaye hana budi kujiuliza anapima nini, wapi, na iwapo ana maslahi katika jibu. Apimwaye naye hana budi kuitafuta lugha ya kuieleza kazi yake, kwani si kila mtu atakayesubiriwa kwa miaka 240.